Kina cha Ziwa Victoria na Takwimu Zilizofungiwa

Modeli ya kompyuta katika taaluma ya maji, yaani programu inayokadiria kwa hesabu ni kiasi gani cha mvua kitaishia mtoni au ziwani na ni kiasi gani kitapotea njiani, haiwezi kuwa bora kuliko vipimo inavyopewa, na ndiyo maana swali la nani aruhusiwe kuviona vipimo hivyo mtandaoni linawahusu hata wananchi ambao hawatawahi kuendesha modeli yoyote. Ziwa Victoria linalithibitisha jambo hilo kwa namna ambayo nchi zinazolizunguka zilipaswa kuwa zimejifunza zamani.

Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia katika ziwa hilo hutokana na mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi angani kwa uvukizi, kiasi kwamba tofauti ndogo kati ya mvua na uvukizi hutosha kulipandisha ziwa au kulishusha. Mto pekee unaotoka humo ni Nile, pale Jinja, ambako bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Uingereza, iliyoitawala Uganda wakati huo, ilikuwa imekubaliana na Misri kwamba maji yaachiwe kwa kufuata mchoro maalumu unaoonyesha, kwa kila kina cha ziwa, kiasi ambacho kingetoka kama bwawa lisingekuwapo.

Kufikia mwaka 2006 kina cha ziwa kilikuwa kimeshuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Ukame ulikuwapo, hilo halina ubishi. Lakini bwawa la pili, Kiira, lilikuwa limeongezwa kando ya lile la kwanza, na swali likawa ni maji kiasi gani yaliyoachiwa kupita makubaliano. Mwezi Februari mwaka huo mtaalamu wa haidrolojia Daniel Kull alikadiria kwamba zaidi ya nusu ya upungufu wa miaka miwili iliyotangulia ulitokana na mabwawa, na uchambuzi wa Sutcliffe na Petersen uliochapishwa mwaka 2007 ulikaribia hapo hapo. Mabishano yangekuwa mafupi zaidi kama rekodi za kila siku za malango ya Jinja zingekuwa mahali ambapo mvuvi wa Ukerewe, mhandisi wa Kisumu na mwandishi wa habari wa Kampala wangeweza kuzifikia kwa usawa.

Inaweza kudaiwa kwamba setilaiti zimeimaliza shida hiyo. Tangu TOPEX/Poseidon irushwe mwaka 1992, rada kutoka angani imekuwa ikipima kina cha maziwa makubwa, na vipimo hivyo hutolewa bure mtandaoni. Hata hivyo, rada huonyesha uso wa maji ulipo, wala haisemi ni kiasi gani kilichopita langoni. Mvua inayokadiriwa na setilaiti nayo huhitaji kusahihishwa kwa vipimo vya ardhini, ambavyo katikati ya ziwa hupatikana visiwani tu.

Hapa ndipo ulipo mtego ambao hauzungumzwi vya kutosha. Kabla modeli haijaaminiwa, vigezo vyake hurekebishwa mpaka matokeo yake yafanane na yaliyokwisha kutokea, lakini modeli yaweza kufanana na yaliyopita kwa sababu zisizo sahihi: ikizidisha mvua na papo hapo ikazidisha maji yanayotoka, makosa mawili hufutana, kina cha ziwa kwenye skrini hulingana na kile cha kweli, na hakuna anayeshtuka mpaka mwaka usio wa kawaida ufike. Kosa la namna hiyo hugunduliwa tu pale vipimo vya malango na maandishi yenyewe ya programu vinapokuwa mikononi mwa watu wasiomfahamu aliyeiunda.

Serikali huhofia kwamba takwimu zitatumiwa dhidi yao katika mazungumzo ya Nile, hofu ambayo mwaka 2006 haikuzuia lawama hata kidogo. Lenye uzito zaidi ni lalamiko kwamba watafiti wa ng'ambo huchukua vipimo vilivyokusanywa na wasoma vipimo wenye ujira mdogo, wakachapisha bila kuwataja. Lalamiko hilo ni la haki kabisa, na dawa yake ni kulipia vituo na kuwashirikisha wataalamu wa nyumbani katika uandishi. Kufungia madaftari kabatini huwanyima kwanza wanafunzi wa Mwanza na Makerere.

Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda likaivuka rekodi ya mwaka 1964 na kuzihamisha familia nyingi za mwambaoni, na utafiti wa kimodeli uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliyosababishwa na binadamu yaliongeza uwezekano wa tukio kama hilo karibu mara 1.8. Madai ya fidia yanayojengwa juu ya hesabu ya namna hiyo yataulizwa mara moja malango yaliendeshwaje miezi ile. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu ingeweza kuanza na safu tatu tu zinazotolewa kila siku bila malipo: kina cha ziwa, mvua ya visiwani, na maji yaliyoachiwa Jinja.