Tezi za limfu zihesabiwe, HER2 ipimwe

Mimi ni daktari wa patholojia. Tumbo lililokatwa kwa sababu ya saratani likinifikia ndani ya fomalini, napapasa mafuta yanayolizunguka nikitafuta tezi za limfu, kwa kuwa huko ndiko ugonjwa huu hupenda kupitia unaposambaa. Tezi 1 au 2 zikiwa na saratani, ngazi ya kusambaa kwenye tezi ni N1. 3 hadi 6 ni N2. 7 au zaidi ni N3. Inashauriwa zichunguzwe angalau 16. Nikiletewa 4 tu, hata zote zikiwa safi, siwezi kumtoa mgonjwa wasiwasi.

Kisha kuna protini ya HER2 kwenye seli za saratani. Utafiti wa ToGA wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wagonjwa wa hatua za mwisho wenye protini hiyo kwa wingi, walipoongezewa dawa ya trastuzumab juu ya kemotherapi, muda wao wa kati wa kuishi ulipanda kutoka miezi 11.1 hadi 13.8. Miezi hiyo ina thamani kubwa kwa familia.

Wapasuaji, tuleteeni tezi za kutosha. Bima zilipie kipimo cha HER2. Nawe mgonjwa, muulize daktari wako: tezi ngapi zimechunguzwa, na HER2 yangu imepimwa?