Moyo wa Panzi, wa Chura na wa Mbuzi



Watoto wenu hucheza na panzi. Bila shaka wamekwisha kuwaulizeni: mbona panzi akikatika mguu hatoki damu? Damu anayo, ila si nyekundu, wala haizunguki ndani ya mishipa kama yetu. Moyo wake ni kama bomba refu lililolala mgongoni. Huimwaga damu mwilini, ikaviogesha viungo vyote. Hewa haibebi. Hewa huingia kwa vitundu vidogo vya ubavuni. Mkimtazama sana mtaviona.

Samaki ana damu nyekundu na mishipa, lakini moyo wake una vyumba viwili tu. Damu hutoka moyoni, hupata hewa mashavuni, kisha huendelea mwilini moja kwa moja, nguvu zake zimekwisha kupungua. Chura amemzidi samaki chumba kimoja: viwili juu, kimoja chini. Humo chini damu yenye hewa na ile iliyokwisha kutumika hukutana, zikachanganyika kidogo. Haimdhuru, kwa kuwa hahitaji hewa nyingi, tena ngozi yake yenye majimaji nayo huvuta hewa.

Basi, siku mtakapochinja mbuzi, msiharakishe kutia moyo chunguni. Upasueni kwa kisu kikali toka juu hata nchani. Mna vyumba vinne, kama katika moyo wa kuku na wa mtu. Tazameni viwili vya chini: ukuta wa kimoja ni mnene mno kuliko wa mwenzake. Huo mnene ndio wa kushoto. Wa kulia hupeleka damu mapafuni tu, hapo jirani. Wa kushoto huipeleka mpaka kwatoni!

Kati ya vyumba hivyo viwili upo ukuta wa nyama, nao haupitishi hata tone. Ni kwa ajili ya ukuta huo nimeandika leo. Watoto wengine huzaliwa na tundu ndani yake. Damu iliyokwisha kupata hewa hupenya tena upande wa kulia, ikarudi mapafuni bure, na mapafu yakaelemewa. Mtoto huhema upesi, hutoka jasho akinyonya, huacha ziwa kabla ya kushiba, na uzito hauongezeki. Wengine, wenye kasoro zaidi ya tundu hilo, ulimi na midomo yao hugeuka rangi ya buluu, hasa wakilia. Majirani watasema amerogwa, au kwamba maziwa ya mama ni mabaya, na huku miezi inapita.

Mpelekeni kliniki, mwombeni daktari amsikilize moyo. Damu inapopenya tunduni huvuma, na sauti hiyo mara nyingi husikika kwa kipimo cha kifuani. Matundu madogo mengi huziba yenyewe. Makubwa huzibwa na madaktari. Huko Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, hufanya kazi hiyo. Nanyi mkipewa siku ya kurudi, rudini, hata kama mtoto anaonekana amechangamka.