Historia ya Kwetu Isiwe Wimbo wa Kasuku

Ni wachache miongoni mwenu wasiolijua jina la Kariakoo. Nyanya na vitunguu vya mashamba yenu huteremshwa huko, na vitenge na sufuria mnunuazo dukani aghalabu hutoka huko. Lakini mwulizeni mtoto wa shule aliyezaliwa papo hapo mjini Dar es Salaam, apitaye katika mitaa ile kila siku, Kariakoo maana yake nini. Atawajibu kwamba ni soko. Mwulizeni na baba yake, naye atajibu vivyo hivyo. Jina wanalo, maana hawanayo. Twasema leo kwamba jambo hili si dogo, wala halitapona kwa kuongeza kitabu kimoja katika mkoba wa mtoto.

Maana ya jina ni hii. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 Waingereza na Wajerumani waliipigania nchi yetu. Mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, na barabara za magari zilikuwa haba. Basi risasi, unga na mahema ya majeshi yalibebwa vichwani mwa watu. Waingereza waliutwaa mji wa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, wakaweka kambi ya wapagazi mahali lilipo soko sasa. Jeshi lile la wapagazi waliliita Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikaligeuza, likawa Kariakoo. Wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kufika milioni moja, na wengi walikamatwa kwa nguvu vijijini mwao. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao. Wakafa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara, homa, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Tazameni tena mitaa ya Kariakoo. Uko Mtaa wa Narung'ombe, uko Mtaa wa Mahiwa. Hayo ni majina ya mahali huko kusini, upande wa Lindi, palipopiganwa vita vikali mwaka 1917. Uko Mtaa wa Aggrey, jina la mwalimu Mwafrika wa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo, aliyefika kwetu mwaka 1924 pamoja na tume iliyokuja kuchunguza elimu ya Waafrika. Na katika Mtaa wa Lumumba, ambao zamani uliitwa New Street, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mtoto hununua viatu, daftari na kalamu katika mitaa hiyo, naye hajui kwamba anakanyaga kitabu.

Twende hatua chache hadi katikati ya mji, ilipo sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Mahali pale kwanza palisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, nayo iliondolewa Waingereza walipoingia. Sanamu ya sasa ni ya askari mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini yake, kwa jumla tu, pasipo jina hata moja la mtu. Yapata miaka mia ilipita. Ndipo mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipokiri mbele ya dunia kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Hao ndio baba wa babu zenu. Ikiwa wageni wamekiri kwamba waliwasahau, sisi wajukuu tutajibu nini?

Hatusemi kwamba hakuna lililofanywa. Mwishoni mwa mwaka 2020 Rais Magufuli aliagiza historia ya Tanzania ifundishwe kwa lazima katika shule. Ikaja mitaala mipya ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Januari 2024, nayo ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lifundishwalo kwa Kiswahili. Jambo hili ni jema, na atakayelibeza hatutamwunga mkono. Lakini kuandika somo katika ratiba ni jambo moja, na kulifundisha ni jambo jingine. Wapo walimu wanaosimama ubaoni na kuandika orodha ya tarehe na majina ya wakubwa, watoto wakaimba kwa sauti moja, mtihani ukaja, mtihani ukapita, na wimbo ukasahauliwa. Mtoto wa namna hiyo ataandika 9 Desemba 1961 bila kosa, wala hatajua waliopata taabu kabla ya siku ile ni akina nani. Huo ni wimbo wa kasuku, na kasuku hana babu wa kumkumbuka.

Wako wapingao, nao ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni wazazi wasemao, "Historia haijazi chungu, mfundisheni mwanangu hesabu na Kiingereza apate kazi." Na afundishwe hesabu, tena vizuri. Lakini na wamtazame mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo. Je, huchoma daftari lake kila jioni kwa kuwa mauzo ya jana yamekwisha? Hasha! Hulitunza, apate kujua nani anamdai na yeye anamdai nani. Watu wasiojua yaliyowapata ni kama mwenye duka asiye na daftari: kila ajaye humwambia deni alitakalo, naye hulipa.

Wa pili ni Wakristo wenzetu, wasemao kwamba habari za wazee ni mambo ya giza yaliyokwisha tulipobatizwa. Hao twawauliza, je, hawakusoma habari za Yoshua? Israeli walipovuka Yordani aliwaamuru kutwaa mawe kumi na mawili mtoni na kuyasimamisha, kusudi watoto watakapouliza maana yake, baba zao wawaeleze. Mungu mwenyewe alitaka watoto waulize, akataka na wazee wawe na jibu. Kujua habari za babu si kumtambikia babu. Tena Kanisa lenyewe limo katika habari hizi za Kariakoo. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Unguja aliongoza wapagazi wa Unguja katika vita ile, akatembea pamoja nao kwa miguu. Na vita ilipokwisha alipiga kelele dhidi ya kuwafanyisha Waafrika kazi kwa nguvu. Mkristo asemaye kwamba historia hii haimhusu hajui hata habari za kanisa analosali.

Wa tatu ndio tunaowaogopa zaidi, maana hujiita rafiki za historia. Hutaka mtoto afundishwe sifa tupu: kwamba zamani zetu zote zilikuwa nuru, na kwamba kila ubaya ulikuja na mgeni katika meli. Lakini waliowakamata watu na kuwauza katika njia za misafara iliyoshuka Bagamoyo hawakuwa wageni peke yao. Waafrika pia walishiriki. Majeshi ya Wajerumani yaliyochoma vyakula katika vita ya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, askari wake wengi walikuwa Waafrika. Tuyafiche hayo? Biblia haikuficha dhambi ya mfalme Daudi, wala haikuficha kwamba Petro alimkana Bwana wake, na kwa sababu hiyo twaisadiki. Serikali imeunganisha historia na maadili katika somo moja. Basi na ijulikane kwamba hapana maadili yapatikanayo katika hadithi isiyo na mkosaji. Wengi hupenda kusema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kweli, lakini aichaguaye asili yake nusu, akaiacha nusu nyingine gizani, naye hajawa huru bado.

Yafaa basi tuseme lifanywe nini. Mwalimu wa mjini na awatoe watoto darasani, hata kama ni mara moja tu kwa muhula, awapitishe Narung'ombe, Aggrey na Lumumba, awasimamishe mbele ya sanamu ya Askari na kuwauliza: yuko wapi mpagazi? Kazi hii haihitaji fedha, wala si jambo geni. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini, wakaketi na wazee waliokumbuka Maji Maji, wakayaandika waliyoambiwa; na hata leo wataalamu hutegemea maandishi yale. Kama wasingekwenda wakati ule, wazee wale wangalikufa na habari zao.

Nanyi wa vijijini, msidhani kazi hii ni ya mji. Waliokufa katika jeshi la wapagazi walitoka kwenu. Waliowaona wakiondoka hawapo tena, lakini wajukuu wao wangali hai, nao wamesikia ni nani aliyechukuliwa asirudi. Katika makanisa mengi ya zamani viko vitabu vya ubatizo na vya maziko. Mwombeni mchungaji au padre avifungue. Waulizeni wazee wa ukoo. Andikeni jina la aliyekwenda, jina la baba yake na mahali alipotoka, hata kama ni jina moja tu, mkampe mtoto alipeleke shuleni kwa mwalimu wake. Mwalimu atakayelipokea jina hilo na kulisoma mbele ya darasa atakuwa amefundisha historia siku hiyo.