Kabla ya Kuiinua Pua ya Pikapu



Katika vijiji vyetu pikapu moja ni ya watu wengi. Leo yachukua mahindi, kesho saruji ya kanisa, na usiku wa manane yachukua mgonjwa. Basi ikiinama mbele kila mtu aona, na kila mtu ana shauri lake. Juma hili nataka kukueleza njia ya kuisawazisha kwa fedha kidogo. Sisi katika parokia yetu tulianza kwa kukosea, na kosa letu lafaa liwe shule yako.

Pikapu yetu ni Hilux ya miaka ya 1990. Mbele haina springi za kuviringika, bali ina vyuma viwili virefu, kimoja kila upande, ambavyo mafundi huviita tosheni ba. Gari likibonyea, chuma hicho hujisokota kama nguo mbichi inayokamuliwa, kisha hujirudisha. Mwishoni mwake mna bolti. Ukiikaza, pua yapanda.

Jumuiya zetu zilichanga Sh. 200,000, nami karani nikatumwa kutafuta fundi. Wa kwanza niliyempata alitaka Sh. 30,000 tu. Alikaza bolti zote mbili mpaka mwisho, kazi ya nusu saa. Pua ikasimama kama mbuzi anayenusa mvua. Nilirudi na fedha nyingi mfukoni, watu wakanisifu.

Mwezi haukwisha. Tairi za mbele zikaanza kulika upande mmoja. Mipira izuiayo vumbi kwenye ekseli za mbele ikapasuka, maana ekseli zilikuwa zimepinda kupita kiasi, grisi ikamwagika na mchanga ukaingia. Na kila shimo lilitupiga kama nyundo.

Kisha ukaja usiku ambao siusahau. Dereva alikuwa akimpeleka hospitali mama mwenye uchungu wa kuzaa. Nyuma walikaa ndugu zake sita pamoja na mizigo. Nyuma ikashuka, pua ikazidi kupanda. Taa zikaangaza majani ya miembe, wala si barabara. Ikabidi kijana mmoja atangulie na tochi, na gari limfuate polepole. Safari ya saa moja ikawa ya saa tatu. Mungu ashukuriwe, mama na mtoto ni wazima. Lakini niliona haya, kwa kuwa ni mimi niliyeichagua njia ile.

Baada ya hapo tulimwendea fundi mwingine, mzee wa makamo. Yeye hakushika spana kwanza.

“Mwalimu, mlipima?” akaniuliza.

“Hapana, mzee. Tulitazama kwa macho tu.”

“Basi tupime.”

Haya ndiyo aliyonifundisha, nawe uyashike.

Liweke gari mahali tambarare, bila mzigo, upepo wa tairi ukiwa sawa. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, magurudumu yote manne, ukaandike. Kisha pakia mzigo wa kila siku, upime tena. Utaona ajabu: pikapu tupu huinama mbele kidogo kwa makusudi, maana waliyoiunda walijua kwamba nyuma itashushwa na mzigo. Ukiisawazisha kabisa ikiwa tupu, ikipakiwa itatazama mbinguni, usukani utakuwa mwepesi, na taa zitawapofusha wajao mbele yako. Basi pikapu yenye kazi hupimwa kwa mzigo wake.

Kama upande mmoja umeshuka kuliko wa pili, usifikiri kuinua. Tafuta kilichovunjika au kilichochoka. Tena tazama kama umeongeza uzito mbele. Sisi tulikuwa tumefunga ngao kubwa ya chuma, kwa urembo tu. Mzee aliifungua, na pua ikapanda kidogo bila senti moja.

Sasa, njia ya kuinua hutegemea kilicho chini ya gari lako.

Likiwa na tosheni ba, ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, kwa kuwa hununui kitu. Lakini kukaza bolti hakukiongezei chuma nguvu. Kwabadili tu kimo chake. Ukikaza sana, gurudumu hukosa nafasi ya kushuka shimoni. Basi inua mbele kwa jeki na uweke stendi kabla ya kugusa bolti, kaza kidogo kidogo, hesabu mizunguko, shusha gari, uliendeshe kidogo, upime tena. Sentimita mbili au tatu zatosha.

Likiwa na springi za kuviringika, kama Hilux za toleo lililoanza mwaka 2004, wako wauzao vipande vya chuma vya kuweka juu ya springi. Bei yake si kubwa, nayo yafaa kama springi bado ni nzima. Lakini kumbuka kwamba kipande cha inchi moja huinua gari zaidi ya inchi moja, kwa hiyo usipange viwili juu ya kimoja. Na kama springi imechoka au imekatika, kipande hakiiponyi. Hapo hapana budi ununue springi mpya, mbili kwa pamoja.

Likiwa na springi za bapa zilizopangwa kama kurasa za kitabu, kama Land Cruiser za zamani, fundi aweza kuongeza bapa moja. Asikubali mtu kuzipinda kwa moto wa mkaa, kwa maana chuma cha springi kikichomwa hovyo hupoteza ugumu wake, nacho kitalala tena au kukatika njiani.

Njia yoyote utakayoshika, kazi haijaisha mpaka magurudumu yamelinganishwa kwa mashine na taa zimeshushwa zimulike barabara. Fundi asiyekutajia mambo hayo mawili hajakutajia bei yote.

Sasa hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee alilegeza bolti mpaka kimo kinachofaa, akashusha taa, akatudai Sh. 40,000. Kulinganisha magurudumu mjini, Sh. 40,000. Hiyo ni Sh. 80,000, na kama tungalianza hivyo ingalitosha, na baki ingalirudi kwa jumuiya. Lakini kosa langu lilidai tairi mbili, mipira, grisi na ufundi wake, jumla Sh. 560,000. Fedha hizo zilitoka katika mfuko wa bati za kanisa. Mvua hizi bado twasali chini ya bati zile zile zinazovuja, nami kila tone likidondoka nalijua jina lake.

Nilisimama mbele ya Halmashauri ya Walei nikayasoma yote kama yalivyo. Baba Paroko hakunigombeza. Alinikumbusha tu yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara.

Ndugu msomaji, fedha za wengi zina macho ya wengi. Ukitumwa kuzitumia, usimwulize fundi kwanza, “Ni shilingi ngapi?” Mwulize, “Ni nini kilichoishusha, na baada ya kuinua itabaki kazi gani?” Akikujibu vema, ndipo mpatane bei.

Hadi juma lijalo, Mungu awalinde njiani.