Kasumba Mezani

Utamaduni wa taifa si ngoma na mashairi peke yake. Chakula nacho ni utamaduni, na pengine ndio tunaouingia mapema kuliko wote, kwani mtoto huonja uji kabla hajajua wimbo. Hivyo basi, anayekionea haya chakula cha kwao haonei haya sahani tu. Anaionea haya mikono iliyomlea.

Nayasema haya kwa sababu mikahawa ya piza ya Napoli inafunguliwa katika miji yetu, na wapo wasomi wanaoamini kwamba kuketi humo ni kuhitimu ustaarabu. Sina ugomvi na piza. Ugomvi wangu ni na kasumba hiyo, na hoja zangu nazichota Napoli kwenyewe.

Piza ilianza kuwa chakula cha makabwela. Katika karne ya 18 na ya 19 iliuzwa vichochoroni kwa watu wasiokuwa na meza wala nafasi ya kuketi, na hata leo huko ipo piza inayokunjwa mara mbili na kuliwa kwa mkono njiani. Baadhi ya wageni waliopita waliibeza. Watu wa Napoli hawakutahayari. Mwaka 1984 waliunda chama cha kuilinda, wakaandika kanuni zake: unga wa ngano, maji, chumvi na hamira, donge litandazwe kwa mkono, tanuri liwe la kuni, lenye joto lipitalo nyuzi 400, na piza iive kwa sekunde 60 hadi 90. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliisajili. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ustadi wa wapishi hao katika orodha ya urithi wa binadamu.

Mwaka huohuo, katika orodha hiyohiyo, iliingia nsima ya jirani zetu wa Malawi. Nsima ni nini kama si huu ugali ambao baadhi yetu hatuthubutu kumwandalia mgeni wa heshima?

Watakuwapo watakaosema: mahindi yalitoka Amerika, na pilau na chapati zilivuka bahari, kipi basi ni chetu? Nyanya nayo ilitoka Amerika, na bila nyanya hakuna piza ya Napoli tuijuayo. Chakula hakiwi cha watu kwa kuzaliwa kwao tu, bali kwa kulelewa nao. Tofauti yetu na watu wa Napoli ni moja: wao wamelea, sisi tumetelekeza.

Katika mkahawa mmoja wa namna hiyo nilimsikia kijana akimweleza mwenzake kwa nini ukingo wa piza hupata madoa meusi, na donge hulazwa saa ngapi kabla ya kuokwa. Maelezo yake yalikuwa sahihi. Nilipomuuliza mtama wa kwao huloweshwa na kusagwa vipi, alicheka, akasema hayo anayajua bibi yake. Hapo ndipo penye msiba. Bibi hataishi milele, na elimu yake haijaandikwa popote.

Tazama pia Forodhani, Unguja. Wapishi wetu hutandaza donge hata likawa jembamba, wakatia nyama, kitunguu na yai, wakalikunja na kulikaanga. Ni ubunifu wa papo hapo, lakini unaitwa piza ya Zanzibar. Mtoto ni wetu, jina tumeazima.

Mwaka 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba shule za kikoloni ziliwafunza Waafrika nyimbo za Wazungu na kuwanyima za kwao. Wakoloni wameondoka. Vyungu vyetu tukivisahau leo, tutamlaumu nani?

Walimu, wapeni wanafunzi kazi hii: kila mmoja aende kwa mzee wake, aandike chakula kimoja, viungo vyake, vipimo vyake, moto wake na maneno yake. Enyi wanafunzi, kuleni piza mkipenda, kwani kuonja cha mwenzio si dhambi. Lakini wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wa tumbo huanza pale mtu anapojua kanuni za tanuri la Napoli huku hajui mafiga ya kwao.