Desturi za Heri Katika Harusi: Je, Zingalipo?

Nataka kusema machache juu ya jambo lililonikaa moyoni tangu likizo ya mwezi wa Juni. Jambo lenyewe ni zile desturi walizozifanya wazee wetu siku ya harusi ili maarusi wapate heri. Je, zingalipo, au zimekufa? Na kama zimekufa, yatupasa kuzililia au kushukuru? Najua katika wasomaji wamo wazazi na walimu wanaoyajua haya kuliko mimi. Nikikosea, na wanisahihishe.

Kwanza nieleze lililotokea. Dada yangu mkubwa aliolewa hapa mjini Singida siku ya Jumamosi. Bibi yetu alifika kwa basi siku moja kabla, kutoka kijijini, amechukua kuku wawili wa zawadi na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi la hindi. Asubuhi ya pili, dada alipokwisha kuvishwa shela, bibi akachanganya maji na unga wa uwele katika kibuyu kile, akaenda kusimama mlangoni. Nia yake ilikuwa kumnyunyizia dada miguuni avukapo kizingiti, huku akimwombea, kama alivyofanyiwa yeye na mama yake alipoolewa.

Gari la kukodi lilikuwa likinguruma nje. Mwenyekiti wa kamati ya harusi, mtu mzima mwenye heshima zake, akatazama saa, akaniita kando, akasema, "Kijana, mwondoe bibi yako pale mlangoni. Atachafua shela, na tena mambo yale ni ushirikina." Nami nikaenda nikasema, "Bibi, tafadhali pisha, tumechelewa." Bibi hakubisha. Alisogea, dada akapita bila kujua lolote, na maji yale bibi akayamwaga polepole chini ya mpapai ulioko uani.

Basi jioni tukawa ukumbini. Mwenyekiti yule yule nikamwona akimnong'oneza dada akishike sana kisu cha keki kisimponyoke, kwani kikianguka ni mkosi. Kisha akawahimiza vijana waifungue shampeni kwa mlio mkubwa, maana chupa ikikataa kulia, ndoa ina kisirani. Tena nikakumbuka kwamba asubuhi alimkataza bwana arusi asimwone bibi arusi kabla ya kufika kanisani, eti haileti bahati. Nikajiuliza: hapa ushirikina ni upi, na ustaarabu ni upi?

Wengi wetu hudhani kwamba Wazungu hawana mambo ya namna hii, kumbe wanayo tele. Waingereza wana desturi ya kale kwamba bibi arusi avae kitu cha zamani, kitu kipya, kitu cha kuazima na kitu cha rangi ya buluu, na katika kiatu chake atie sarafu ya peni sita, apate mali. Kumbeba bibi arusi ili asijikwae kizingitini ni desturi iliyojulikana tangu Warumi wa kale. Pete huvishwa kidole cha nne kwa sababu watu wa kale walidhani kuwa upo mshipa utokao kidole hicho ukaenda moja kwa moja mpaka moyoni. Na shela nyeupe, ambayo leo twaiona kama amri, ilipata sifa kubwa baada ya Malkia Victoria kuivaa alipoolewa na Albert mwaka 1840. Kabla ya hapo bibi arusi wa Kizungu alivaa nguo yake nzuri ya rangi yo yote. Basi hatukuacha desturi za bahati. Tumeacha zetu tukachukua za wenzetu, kisha zetu tukaziita ushirikina.

Wala si Singida peke yake. Watu wa pwani walikuwa na desturi zao, nazo nyingi ziliandikwa mapema. Kitabu cha Desturi za Waswahili, kilichotokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na kupigwa chapa Ujerumani mwaka 1903, chaeleza mambo ya ndoa kwa urefu. Huko pwani baba wa binti alipewa kilemba, na mama akapewa mkaja kwa kukumbuka taabu ya kuzaa na kulea. Mambo hayo mpaka leo hutajwa katika posa, ingawa pengine kilemba chenyewe kimekuwa noti ndani ya bahasha. Ubani na udi havijaacha kufukizwa, wala hina haijaacha kupakwa. Nadhani wenzetu wa pwani walisaidiwa na jambo moja: hawakuona haya kuziandika desturi zao.

Hapa kwetu hali ni nyingine. Katika bweni letu wamo Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo wa upande wa Manyoni, Wasukuma na Wabarabaig. Usiku mmoja niliwauliza desturi za harusi za kwao. Kila mmoja alijua hesabu ya ng'ombe wa mahari, lakini wachache sana waliweza kueleza maana ya jambo jingine lo lote. Mahari yameshikwa kwa kuwa yana thamani sokoni, na baraka zimesahauliwa kwa kuwa haziuziki. Mwenzetu Mbarabaig tu ndiye aliyesema kwa fahari. Alituambia kuwa kwao sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa ni vazi la heshima kuu, na kwamba wanawake wana baraza lao ambalo laweza kumhukumu na kumtoza faini mwanamume aliyewavunjia heshima. Tulinyamaza kimya. Tulikuwa tumezoea kuwacheka Wabarabaig kuwa wako nyuma, kumbe wao wana desturi ya kumlinda mke baada ya harusi, na sisi tuna keki.

Yafaa tuulize sababu za kufifia kwa mambo haya. Dini zilizokuja zilikataza baadhi yake. Shule zilituondoa nyumbani katika umri ambao zamani kijana alikuwa akikaa na wazee jioni. Jambo jingine, ambalo vijana hatulifikiri, ni kuhama. Mwezi wa Novemba, mwaka 1973, ilitolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Watu wengi wa mkoa wetu wakaacha matembe yao ya asili na kujenga kwa safu kando ya barabara. Sitaki kuzungumza siasa. Nasema tu kwamba desturi nyingi zilifungwa na mahali: kizingiti kile, zizi lile, makaburi yale ya babu. Mtu aliyehama aliweza kuchukua ng'ombe wake na vyungu vyake, lakini kizingiti alichovuka mama yake hakuweza kukichukua.

Lakini si kweli kwamba zote zimekufa. Nyingine zimebadili nguo tu. Vigelegele vingalipo, wala hakuna kamati iliyoweza kuvizuia. Harusi za vijijini zingali nyingi baada ya mavuno, wakati kuna chakula na barabara ni kavu. Mafundisho aliyopewa mwali na wakubwa wake leo yametiwa katika kichen pati, na kumuaga binti kwao kumeitwa sendofu. Ubaya ni kwamba kila kilichobadili nguo kimepanda bei. Maji ya bibi yangu na konzi yake ya unga havikumgharimu mtu hata senti moja, lakini ukumbi, mapambo na gari vilitugharimu kiasi ambacho baba mpaka leo hataki kukitaja mbele yetu.

Baada ya harusi nilimfuata bibi nikamwuliza, "Bibi, yale maji yangemletea dada bahati gani?" Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mjinga, akasema, "Mjukuu wangu, maji hayaleti bahati. Mimi nilitaka aondoke kwetu watu wakiwa wamesikia kwamba namtakia mema. Siku akipigwa huko, ajue mlango huu hakutoka kwa hasira, na kurudi anaweza." Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa ni mimi niliyemwondoa mlangoni.

Hapo nikaelewa kwamba tunachanganya mambo mawili: bahati na baraka. Bahati ni kitu cha kuviziwa. Haijulikani itokako, na mwenye kuitaka sana huishia kwa wapiga ramli, akatoa pesa na kuku wake bure. Baraka hutoka katika kinywa cha mtu unayemjua, mbele ya mashahidi, naye hujifunga kwa neno lake. Kwa kadiri nionavyo mimi, nyingi katika desturi tunazoziita za bahati zilikuwa ni baraka, yaani njia ya watu wazima kusema hadharani, "Tuko nyuma ya vijana hawa."

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kuwa nasifu kila kilicho cha kale. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, lakini naona yupo pia mtumwa wa mila. Nilipokuwa shule ya msingi tulikuwa na msichana mmoja hodari wa hesabu kutupita sote. Aliolewa kabla hajafika sekondari. Katika harusi yake hapakukosekana kitu: kondoo alichinjwa, wazee waliomba, vigelegele vilipigwa mpaka usiku. Baraka zote zilikuwapo, ila yeye mwenyewe hakuulizwa. Sijui maji gani yangeweza kuifanya harusi ile iwe ya heri.

Juu ya jambo hili nchi imekwisha kusema. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilibadilishwa, na anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari aweza kufungwa miaka 30. Mwaka huo huo, katika kesi iliyofunguliwa na Bi. Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo. Kadhalika lipo jambo la ukeketaji, ambalo limeutia mkoa wetu aibu. Wako waliolitetea kwa kusema kwamba binti asiyekeketwa ana mkosi, au kwamba ni dawa ya ugonjwa unaoitwa lawalawa. Si kweli hata kidogo. Ni kumjeruhi mtoto, na kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 kumekatazwa na sheria tangu mwaka 1998. Desturi ya namna hiyo na ife, wala asiwepo wa kuililia.

Basi tufanyeje? Wazee wetu hawakula mtama pamoja na makapi, waliupepeta. Nasi tupepete kwa maswali matatu. La kwanza, je, desturi hii yamdhuru mtu ye yote mwili wake au haki yake? La pili, je, yawatia watu wa nyumbani katika deni? La tatu, je, maarusi wenyewe wanaitaka? Ikipita katika maswali hayo, sioni sababu ya kuionea haya, iwe ya keki au ya unga wa uwele. Ikikwama katika moja, tuiache, hata kama ni ya tangu enzi za mababu, na hata kama imetoka Ulaya kwa ndege.

Wako watakaosema kwamba dini haziruhusu. Mimi si mwalimu wa dini, nami nawaheshimu. Lakini nauliza kwa adabu: bibi anayesema "Mungu awape amani" huku akinyunyiza maji, ametofautiana nini na sisi tunaorusha mchele mlangoni mwa kanisa? Kama kosa ni kuyaomba maji badala ya Mungu, basi tuwafundishe watu wamwombe Mungu. Tusiwafukuze wazee mlangoni.

Kwa wanafunzi wenzangu nina ombi moja. Likizo ijayo, kila mmoja amwamkie bibi au babu yake, akae naye, amwulize harusi yake ilikuwaje, ilifanyika mwezi gani, nani alisema nini, na maana yake nini, kisha aandike katika daftari. Mambo yaliyo mema tuyatunze, yaliyo mabaya tuyajue ili tuyakatae kwa akili. Wazee hawa hawatatungojea mpaka tumalize Chuo Kikuu.

Nami nimekwisha kumwomba bibi radhi. Alicheka, akasema mpapai wetu ndio uliopata baraka mwaka huu, na utazaa sana. Mwezi wa Desemba dada na shemeji watakwenda kijijini kumwamkia. Bibi ameniagiza niwaambie waje asubuhi, waingie kwa mlango wa mbele, na mtu asiwaharakishe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano