Simu Haipimi Presha

Wakubwa, sisi wa Mohoro, Rufiji, hatuikatai simu. Kuanzia 2012 mjamzito alikuwa akituma neno "mtoto" kwenda 15001, na ujumbe wa Wazazi Nipendeni ukimjia bure: lala kwenye chandarua, meza vidonge vya damu, wahi kliniki. Tulishukuru. Sasa tunasikia daktari atamwona mama kwa video. Hapo ndipo tunaponung'unika.

Kwa simu ya nani? Simu janja nyumbani ni moja, nayo iko mfukoni mwa baba, na baba yuko Ikwiriri. Mama kabaki na kitochi, yuko shamba juu ya dungu analinda mahindi ya mlau, yale yapandwayo mafuriko yakipungua. Mtandao mpaka apande kichuguu.

Na presha ataipimaje? Kifafa cha mimba hakijulikani kwa salamu. Kinataka mashine mkononi na mkojo kwenye kikopo. Kumwambia mama "miguu imevimba, wahi hospitali," hilo hata bibi zetu wakunga wanalisema. Kazi ni kufika. Aprili 2024 Rufiji ilifurika, nyumba na mashamba yakazama. Mei, kebo za baharini zikaharibika, intaneti nayo ikayumba nchi nzima. Sasa mama wa siku zile angeanza na lipi, maji au mtandao?

Namba 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito uliozinduliwa kitaifa 2022, tunaielewa: unapiga, dereva anatafutwa. Simu inayoleta chombo ni simu kweli. Lakini masika huku chombo ni boti, na boti inataka mafuta.

Wala hatuombi jambo geni. Kuanzia 2011 Rufiji ilikuwa na WAJA, vijana wa vijijini waliosomeshwa uhudumu wa afya miezi tisa, wakapita nyumba kwa nyumba. Mradi wao ukaisha, nao wakaisha. Turudishieni mtu wa namna hiyo, mwenye mshahara, mashine ya presha, vipimo vya mkojo, na bando lisilotoka mfukoni mwetu. Yeye apime hapa, daktari wa hospitali ya wilaya, Utete, asome namba na atoe uamuzi. Hapo simu itakuwa na mikono.

Bila hivyo mtakuwa mmetuongezea msemaji tu. Na wasemaji hawajawahi kutupungukia: kila miaka mitano wanatufikia wenyewe, masika na kiangazi, wala hawahitaji mtandao.